Kukomboa, Kukomesha na Uungwana: Utumwa Kaskazini mwa Ziwa Tanganyika, 1858–1908

1.0 Utangulizi

Historia ya kukomeshwa kwa utumwa katika Afrika Mashariki husimuliwa mara nyingi kutoka Unguja: mkataba wa tarehe 5 Juni 1873 uliofunga soko la watumwa, na amri ya mwaka 1897 iliyoiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria. Masimulizi hayo ni ya kweli, lakini hayamtoshelezi anayetaka kujua yaliyotukia Uvira, au Luvungi iliyoko katika bonde la Rusizi, kwenye njia ya kwenda Bukavu. Huko hapakuwa na Sultani wa kutia sahihi. Makala haya yanadai kwamba maneno matatu ya Kiswahili, yaani kukomboa, kukomesha na uungwana, yanataja mambo matatu tofauti katika historia ya eneo hilo, na kwamba kuyachanganya ni kumsahau mtumwa mwenyewe.

2.0 Kukomboa

Burton na Speke walipofika Uvira mwaka 1858 waliikuta tayari ni kituo kikuu cha biashara cha kaskazini mwa ziwa. Watumwa na pembe za ndovu vilipelekwa kwa mitumbwi hadi Ujiji, na kutoka huko kwa misafara kuelekea Tabora na pwani. Kufungwa kwa soko la Unguja hakukukatiza shughuli hizo. Biashara ya pembe ilihitaji wapagazi, wakulima wa kulisha misafara na watu wa kushika bunduki, na wengi wao walipatikana kwa kutekwa. Katika miaka ya 1880 Muhammad bin Khalfan al-Barwani, aliyejulikana kwa jina la Rumaliza, alieneza nguvu zake kutoka Ujiji hadi Uvira. Aliyemzuia upande wa mashariki hakuwa Mzungu bali Mwezi Gisabo, mwami wa Burundi.

Mapadri Weupe walifika Ujiji Januari 1879, kisha wakafungua vituo Rumonge, Masanze na Kibanga. Njia yao kuu ilikuwa kuwanunua watoto waliotekwa. Hapa neno kukomboa lilibaki na maana yake ya msingi: kulipa ili kutoa kilichowekwa rehani au kilichotekwa. Huruma yao haina shaka. Hata hivyo, mtoto aliyekombolewa kwa kawaida hakurudi kwao. Alilelewa, akafundishwa, akaozwa na kupewa shamba chini ya misheni. Tena, bei iliyolipwa iliweza kumpa muuzaji sababu ya kurudi na wengine. Mei 1881 Wazungu watatu wa misheni ya Rumonge waliuawa kufuatia ugomvi uliohusu mtoto aliyekuwa mikononi mwao. Mtoto huyo alidaiwa na pande mbili. Hakuna upande uliomuuliza yeye anataka nini.

3.0 Kukomesha

Mwaka 1888 Kardinali Lavigerie, mwanzilishi wa shirika hilo, alihubiri dhidi ya utumwa Paris, London na Brussels. Mkutano wa Brussels wa 1889–1890 ukafuata. Vyama vya kupinga utumwa vilituma silaha: Kapteni Jacques alianzisha ngome ya Albertville, ambayo leo ni Kalemie, mwishoni mwa 1891, na mwaka 1892 ikazingirwa na watu wa Rumaliza. Majeshi ya Dhanis yaliteka Nyangwe na Kasongo mwaka 1893, na Rumaliza akashindwa Januari 1894.

Hata hivyo, inafaa kutazama ni nani waliopigana. Mmoja wa washirika wakuu wa Dhanis alikuwa Ngongo Lutete, aliyekuwa amewateka watu kwa niaba ya Tippu Tip. Mateka waliotolewa kwa wafanyabiashara waliweza kuandikishwa jeshini au kazini kwa miaka mingi, wakaitwa walioachwa huru. Dola yenyewe, iliyodumu kuanzia 1885 hadi 1908, iliitwa Dola Huru ya Kongo, nayo ilitawala kwa mpira wa lazima, upagazi wa lazima na kiboko. Askari wa Dhanis walipoasi mwaka 1897, vita vyao vilifika hadi bonde la Rusizi. Biashara ya watumwa ilikuwa imekomeshwa; kulazimishwa hakukukoma.

4.0 Uungwana

Neno la tatu halikutoka Brussels. Katika Kiswahili cha pwani mwungwana ni mtu aliyezaliwa huru, kinyume cha mtumwa, yaani yule anayetumwa. Lakini katika Kongo ya mashariki watu walioitwa Wangwana walikuwa, kwa sehemu kubwa, wafuasi wa misafara, na wengi wao wenye asili ya utumwa. Walijifunza Kiswahili, wakavaa kanzu, wakapata silaha au biashara, wakajiita waungwana kabla ya sheria yoyote kuwatambua. Hatuna budi kukiri kwamba baadhi yao waliwateka wengine. Hata hivyo dai lao lilibaki katika lugha: Kiswahili cha eneo hilo kikaitwa Kingwana.

5.0 Hitimisho

Kukomboa kulikuwa tendo la mnunuzi. Kukomesha kulikuwa tendo la dola. Uungwana ulikuwa dai la mtumwa mwenyewe. Nyaraka za misheni na za serikali zimeyahifadhi vizuri mawili ya kwanza. La tatu halina mkataba wala tarehe, na ndiyo sababu wanafunzi wa Kiswahili wana wajibu hapa: ushahidi wake umo katika majina, katika misemo na katika masimulizi ya familia za Uvira na Luvungi. Tukiyaacha hayo, tutaendelea kuandika historia ya waliotoa uhuru, bila kuwataja waliouhitaji.