New Zealand: Homoni kwa dola 5, upasuaji kwa kusubiri miaka

Nchini New Zealand, gharama za matibabu kwa watu waliobadili jinsia hutegemea aina ya huduma wanayoihitaji.

Homoni za estrojeni na testosteroni zimo katika orodha ya dawa zinazogharamiwa na Pharmac, shirika la umma linalosimamia ununuzi wa dawa. Mtu mzima huchangia dola 5 za nchi hiyo kwa kila dawa aliyoandikiwa. Ada hiyo ilifutwa Julai 2023, ikarejeshwa Julai 2024. Wenye kadi ya kipato cha chini na waliotimiza miaka 65 wamesamehewa. Hata hivyo, watu wazima wengi hulipia pia kumwona daktari wa familia, na malipo hayo kwa kawaida huizidi bei ya dawa yenyewe.

Mzigo mkubwa zaidi ni upasuaji wa sehemu za siri. Hadi mwaka 2018, serikali ilikuwa ikigharamia wagonjwa 4 tu katika kila miaka 2. Kikomo hicho kiliondolewa, na bajeti ya 2019 ikatenga takriban dola milioni 3 kwa miaka 4, kwa lengo la kuwahudumia hadi watu 14 kwa mwaka. Wakati huo, waliokuwa wakisubiri walikuwa zaidi ya 100.

Upasuaji wa kifua nao hutegemea uwezo wa hospitali ya eneo analoishi mgonjwa. Mwenye akiba huenda hospitali binafsi au husafiri hadi Thailand. Asiye nayo hubaki kwenye foleni.