Cheo na Mwenza Wake: Kutoka Milansi hadi Kura ya Taifa

Katika nyanda za juu za Ufipa, zilizoinuka baina ya Ziwa Tanganyika na bonde la Ziwa Rukwa, husimuliwa habari mashuhuri juu ya asili ya utawala. Yasemwa kwamba hapo kale nchi ilikuwa chini ya Mwene wa Milansi. Siku moja, Mwene akiwa mawindoni, walifika wanawake watatu wageni wa ukoo wa Twa, nao wakatwaa kiti cha enzi. Aliporejea, yalifanyika mapatano: ukoo wa Twa ukatawala nchi, na Milansi ikabakiwa na eneo lake dogo pamoja na heshima ya matambiko. Ukoo huo ndio uliotoa watawala wa Nkansi na wa Lyangalile, lakini mkubwa wa Milansi hakufutwa.

Hatudai kwamba Katiba yetu ilitokana na simulizi hiyo. Twaitaja kwa sababu inauliza swali ambalo taifa zima lililazimika kulijibu: pande mbili zitaishije chini ya mamlaka moja bila upande mmoja kujiona umemezwa?

Tanganyika na Zanzibar zilipoungana mwaka 1964, jibu la kwanza lilikuwa hili: Rais wa Zanzibar, Sheikh Abeid Amani Karume, akawa Makamu wa Kwanza wa Rais, na Rashidi Kawawa Makamu wa Pili. Makamu wa Kwanza, basi, alikuja na mamlaka yake mwenyewe kutoka kwao. Utaratibu huo ulifaa wakati wa chama kimoja. Vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992, hatari ilidhihirika: Rais wa Muungano angeweza kutoka chama kimoja na msaidizi wake chama pinzani. Wahenga walikwisha kusema, mafahali wawili hawakai zizi moja.

Hivyo, kwa Marekebisho ya Kumi na Moja ya Katiba ya mwaka 1994, ukaingia utaratibu wa mgombea mwenza. Chama humpendekeza pamoja na mgombea urais. Mmoja akitoka Tanzania Bara, mwenzake sharti atoke Zanzibar, au kinyume chake. Mwaka 1995 Benjamin Mkapa alichaguliwa pamoja na Dakta Omar Ali Juma, aliyekuwa Waziri Kiongozi wa Zanzibar. Faida ilikuwa umoja wa sera. Hata hivyo, haikukosa gharama: Rais wa Zanzibar hakuwa tena Makamu wa Rais kwa wadhifa wake, bali alibaki mjumbe wa Baraza la Mawaziri, na wapo waliouona huo kuwa upungufu wa heshima ya Visiwani.

Yafaa pia kukumbuka kwamba cheo cha mwenza si pambo la kampeni. Dakta Omar alipofariki mwaka 2001, nafasi yake ilichukuliwa na Dakta Ali Mohamed Shein. Jaribio kubwa zaidi lilikuja tarehe 17 Machi 2021, alipofariki Rais John Magufuli. Siku mbili baadaye Samia Suluhu Hassan, mgombea mwenza wake wa mwaka 2015 na 2020, aliapishwa kuwa Rais, mwanamke wa kwanza kushika wadhifa huo nchini. Kwa kuwa Rais sasa ametoka Zanzibar, Makamu alipaswa kutoka Bara. Bunge likamthibitisha Dakta Philip Mpango. Hakukuwa na uchaguzi mpya, kwani Katiba ilikwisha kuamua.

Hapo ndipo lilipo funzo kwa vijana wetu. Mpiga kura wa Sumbawanga au wa Wete hutia alama moja, lakini huchagua viongozi wawili. Kwa hiyo, anayeuliza tu kama mwenza ataongeza kura ameuliza nusu ya swali. Nusu iliyobaki ni nzito zaidi: je, kiti kikibaki wazi, huyu ataweza kukikalia, na pande zote mbili zikamkubali?