Unabeba Nini? Historia ya Keria, Kutoka Bega la Mpagazi Hadi Pikapu za Kabanga

Nenda kwa fundi mzoefu wa kuchomelea vyuma pale Kabanga, mwambie unataka keria ya pikapu. Bei haitakuwa neno lake la kwanza, wala rangi. Atalizunguka gari, ataushika ukingo wa bodi na kuutikisa, kisha atauliza: "Unabeba nini?"

Hilo ndilo swali lililoijenga keria katika kona hii ya Kagera. Kabanga iko mpakani, wilayani Ngara. Ng'ambo ya pili ni Kobero, Burundi. Malori yanayotoka bandari ya Dar es Salaam kwenda Bujumbura hupita hapa. Kaskazini iko Rusumo na daraja la kuingilia Rwanda. Mashariki iko Biharamulo na barabara ya kwenda Ziwa Victoria. Watu wa hapa wamekaa kandokando ya mizigo ya wengine kwa vizazi vingi, na kila mzigo mpya ulipofika, alihitajika mtu wa kuutafutia mahali pa kukaa.

Neno keria tumelichukua kwa Waingereza, na wengi wetu tulilijua kwanza kwenye baiskeli, pale nyuma panapofungwa mkungu wa ndizi au gunia la maharage. Kitu chenyewe ni cha zamani kuliko neno. Tazama kichanja cha vyombo nyuma ya jiko la kijijini: miti minne yenye panda imesimikwa ardhini, fito zimelazwa juu, sufuria zimeinamishwa. Maji yanachuruzika, hewa inapita, na chini pamebaki nafasi ya kuweka kuni. Keria ya pikapu inafuata kanuni hiyo hiyo. Nguzo nne, fito za chuma juu, na nafasi chini kwa mzigo mwingine.

Bega lilipoamua mzigo

Kabla ya gurudumu, keria ilikuwa mwili wa mtu. Tarehe 2 Mei 1894 msafara wa Mjerumani Gustav Adolf von Götzen ulivuka Mto Kagera hapo Rusumo na kuingia Rwanda. Kama misafara yote ya wakati huo, ulitembea juu ya miguu ya wapagazi. Mpagazi alibeba kilo 30 hivi, kichwani au begani. Wengine walitumia mzegamzega, fimbo iliyolazwa begani na kufungwa mzigo kila ncha. Vitambaa, shanga, baruti na mahema yalifungwa kwa kipimo cha binadamu mmoja. Kilichozidi bega kiligawanywa, na kisichogawanyika kilipata watu wawili na mti.

Katika zama hizo, basi, bega ndilo lililoamua ukubwa wa mzigo. Chuma kilikuja kuugeuza utaratibu huo.

Na chuma hakikuja ukanda huu na Mzungu. Upande wa Buzinza, kuelekea Biharamulo na Geita, Warongo walijulikana kwa kuyeyusha mawe ya chuma na kufua majembe yaliyouzwa mbali, mpaka Usukumani. Buhaya nako, mabaki ya tanuri yaliyochimbuliwa yameonyesha kwamba watu wa ufukwe wa ziwa walikuwa wakitengeneza chuma yapata miaka 2,000 iliyopita. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika katika jarida la Science jinsi wazee wa Kihaya walivyoijenga upya tanuri ya jadi na kupata ndani yake chuma cha hali ya juu. Kwa hiyo kijana anayevaa miwani myeusi leo na kushika mashine ya kuchomelea ameingia katika kazi yenye mababu hapa hapa nyumbani.

Debe, dumu na gari la kwanza

Mwezi Agosti 1907 ofisa wa Kijerumani Paul Graetz aliondoka Dar es Salaam kwa gari akikusudia kulikata bara zima. Alifika Swakopmund, pwani ya Namibia ya leo, tarehe 1 Mei 1909. Njia yake haikugusa Ngara, lakini safari ile iliweka wazi jambo ambalo kila dereva wa porini analijua mpaka leo: gari linaloingia pasipo na kituo cha mafuta lazima libebe mafuta yake, maji yake, vipuri vyake na malazi yake.

Mafuta ya wakati ule yaliuzwa katika debe la bati la galoni nne, yaani lita 18 hivi. Debe likiisha mafuta halikutupwa. Lilichota maji, likapima mahindi, likafunguliwa na kuwa bati la kuezekea. Sokoni bado tunasema debe la mahindi, na wanaolisema hawakumbuki tena kwamba kipimo hicho kilitokana na bati la mafuta.

Bati la debe lilikuwa jembamba, nalo lilivuja likitikiswa. Mwaka 1937 Wajerumani walibuni kopo la chuma la lita 20, lenye mbavu ubavuni na mishikio mitatu juu. Mishikio mitatu ilikuwa na maana yake: mtu mmoja aliweza kushika makopo mawili matupu kwa mkono mmoja, na watu wawili waliweza kusaidiana kopo moja lililojaa. Katika Vita Kuu ya Pili Waingereza na Wamarekani waliliiga. Kopo hilo ndilo babu wa dumu letu, na umbo lake la mstatili likamfaa mtengeneza keria, kwa kuwa vitu vya mstatili hupangika bila kuacha mianya.

Tarehe 30 Aprili 1948 Land Rover ilionyeshwa kwa mara ya kwanza mjini Amsterdam. Toyota ilitoa gari lake la kwanza la namna hiyo mwaka 1951, pikapu ya Hilux ikafuata mwaka 1968, na Land Cruiser ya mfululizo wa 70 ikaanza mwaka 1984. Magari haya yaliijaza Afrika Mashariki, kwenye misheni, ofisi za wilaya, hospitali na hifadhi. Mengi yalikuwa na mfereji wa maji ya mvua uliozunguka paa, na juu ya mfereji huo mafundi waliegesha miguu ya keria. Kitu kilichowekwa kumkinga abiria na mvua kikageuka msingi wa kubebea mizigo.

Kila mahali palizaa umbo lake. Dar es Salaam ilikuwa na magari ya chai maharage, abiria wakiketi kwa kutazamana. Zanzibar walijenga bodi za mbao juu ya chesisi za malori, na mizigo ya shamba ikapanda paani. Arusha ikawa makao makuu ya magari ya watalii. Tayari katika filamu ya Hatari!, iliyopigwa kule na kutoka mwaka 1962, yanaonekana magari yaliyofungwa kiti cha chuma juu ya madigadi ili mkamata wanyama akae na kamba yake. Karakana za Arusha leo huikata Land Cruiser, huirefusha, huipa paa linaloinuka na kuipangia nafasi ya mahema na maji.

Mwaka ambao Ngara ilijaa

Kwa Ngara, mwaka usiosahaulika ni 1994. Tarehe 28 na 29 Aprili, karne moja kasoro siku chache tangu msafara wa Götzen, wakimbizi wa Kinyarwanda wapatao 250,000 walivuka Rusumo kwa muda wa saa 24 hivi. Kambi ya Benaco ikawa mji mkubwa kuliko miji mingi ya Tanzania. Warundi walikuwa wameanza kukimbia kwao tangu mauaji ya Oktoba 1993, na kambi ya Lukole iliendelea kuwahifadhi kwa miaka mingi, muda mrefu baada ya Wanyarwanda kurejea kwao Desemba 1996.

Watu wengi kiasi hicho hawaishi bila barabara. Maturubai, mahindi, dawa, mabomba ya maji, machela za wagonjwa, vyote vilipaswa kufika kwenye vilima vya Ngara, kwa njia ambazo mvua ikinyesha udongo wake mwekundu huteleza kama sabuni. Yakaja magari meupe ya mashirika, yenye antena ndefu za redio na tairi la akiba zaidi ya moja. Barabara mbaya hulegeza kila kilichofungwa, na kilichokatika hakingoji kipuri kutoka ng'ambo. Mahali penye magari mengi na barabara mbovu, fundi wa kuchomelea huwa mtu wa lazima kama muuguzi. Mwaka huo huo wa 1994 Bunge lilipitisha sheria iliyoanzisha VETA, nayo kazi ya mikono ikapata chombo cha kitaifa cha kuisimamia na kuifundisha.

Mzigo mwingine ulikuwa umelala chini ya ardhi. Tangu miaka ya 1970, kwa utafiti ulioanzia chini ya Umoja wa Mataifa, nikeli ya Kabanga imekuwa ikitafutwa na kampuni moja baada ya nyingine. Januari 2021 mkataba uliozaa Tembo Nickel ulitiwa saini, serikali ikiwa na hisa asilimia 16. Kuchoronga miamba kunataka mabomba marefu kuliko bodi ya pikapu ya kawaida. Mzigo wa namna hiyo hauwezi kulala ndani ya bodi, lazima upite juu ya kabini, na hapo ndipo inapohitajika keria yenye mhimili mbele na mhimili nyuma.

Keria inavyozaliwa

Fundi anayejua kazi huanza na kamba na futi. Hupima bodi kwa upana na urefu, kisha hupima kona kwa kona, mara mbili. Vipimo viwili vya kona vikilingana, fremu imenyooka. Vikipishana, keria itakaa upande na bolti zitakatika moja moja. Skwea paipu ya milimita 40 kwa 40 ndiyo chaguo la kawaida kwa nguzo. Unene wake ndio mahali pa ubishi kati ya fundi na mwenye gari. Milimita mbili ni nafuu na nyepesi, milimita tatu ni ghali na hudumu. Kwa barabara za vumbi na mawe, nguzo zinastahili tatu, na fito za juu zaweza kuwa mbili.

Kwanza hushikiza kwa nukta ndogo za moto, kila kona nukta moja, bila kuchomelea moja kwa moja. Chuma kikipata joto hujivuta, na fundi mwenye haraka anayemaliza upande mmoja wote ataikuta fremu yake imepinda kama upinde. Akishapima tena ndipo huchomelea, kona hii kisha ile ya mkabala. Kila nguzo hupata kipande cha pembetatu kwenye kiwiko, maana keria haivunjiki katikati, huvunjika kiwikoni. Ncha za paipu huzibwa, kwa sababu maji yakiingia huila kutoka ndani, na wewe utaiona kutu siku nguzo inapokatika. Miguu hufungwa kwa bolti kwenye ukingo wa bodi, juu ya kipande cha mpira. Kisha grenda, redi oksaidi, na rangi mwisho kabisa.

Baada ya hapo hubaki hesabu ya uzito, na hapa ndipo watu wengi hujidhuru. Lita 20 za maji ni kilo 20. Madumu manne ni kilo 80, sawa na mtu mzima aliyekaa juu ya gari lako. Paa la gari la kawaida mara nyingi halikusudiwi kubeba zaidi ya kilo 75 hadi 100 likiwa mwendoni. Ndiyo maana keria ya bodi ni salama kuliko ya paani: uzito hushuka kwenye chesisi, na kimo chake chaweza kuishia usawa wa kabini. Maji na vyuma vikae chini kabisa, mbele ya ekseli ya nyuma. Juu liende hema, magodoro na koleo. Gari lenye kichwa kizito likiinama kwenye mtaro, halirudi.

Mahema ya juu ya gari nayo yana historia. Waitalia walianza kuyauza miaka ya 1950, nayo Afrika Kusini na Australia zikayafanya kitu cha kawaida. Huku kwetu yanaongezeka, na sababu iko jirani. Mwaka 2019 mapori ya akiba ya Biharamulo, Burigi na Kimisi yaliunganishwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Burigi-Chato, yenye kilomita za mraba 4,707. Mgeni atakayetaka kulala karibu na Ziwa Burigi atahitaji hema, maji, mafuta ya akiba na chombo cha kujinasua matopeni. Akitoka Arusha atakuja navyo vimefungwa tayari. Akitoka Mwanza, Kigali au Bujumbura, anaweza kuvifungia hapa.

Mimi naamini avifungie hapa. Kinachotukwamisha si ujuzi, ni mazoea ya kuiona kazi ya fundi wa barabarani kama kiraka cha muda. Keria yake hutoka bila mchoro, bila kuandikwa inabeba kilo ngapi, na mteja hubana bei mpaka milimita ya tatu inaondoka kwenye nguzo. Fundi akiuweka mchoro kwenye daftari, atajenga ya pili bora kuliko ya kwanza. Akipiga chapa ya uzito kwenye nguzo, ataaminiwa na mtu asiyemjua. Na mwenye gari akilipa bei ya paipu nene, atakuwa amelipia uhai wa watu walioketi chini yake.

Kipimo cha mwisho hakihitaji mtambo wowote. Kabla ya kutia rangi, fundi huweka chini mashine, hufuta mikono, hupanda mwenyewe juu ya fremu na kusimama katikati. Huitikisa kwa magoti, huku akisikiliza. Kona ikilia, hushuka na kuichomelea upya. Ikinyamaza, humwita mwenye gari: "Panda na wewe."