Kanda, Kadi na Flashi

Kama ulikulia Butimba, au mtaa wowote wa Mwanza, miaka ile ya 2009 hadi 2014, sina haja ya kukueleza banda la gemu. Televisheni mbili za mgongo, PlayStation 2 mbili, benchi, na kanga kuukuu mlangoni ili jua la mchana lisipige kioo. Shilingi mia, mechi moja. Ukifungwa unanyanyuka, mshikaji mwingine anakaa. Tulidhani tunacheza mpira kwa sababu tunaupenda, na kweli tuliupenda, lakini baadaye nimegundua kwamba kulikuwa na sababu nyingine: mpira hauhitaji kumbukumbu. Dakika zinakwisha, matokeo yanafutika, kesho mnaanza sifuri kwa sifuri. Gemu ya hadithi haichezeki hivyo. Anayetoka mwanzo wa kisa kwenda mwisho lazima aache alama alipofikia, na alama hiyo lazima iwe na mahali pa kukaa.

Basi habari yangu ni hiyo, habari ya mahali pa kukaa.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1982 huko Marekani kampuni moja ndogo, Starpath, iliuza kifaa kilichoitwa Supercharger. Kilichomekwa kwenye Atari 2600, mashine iliyokuwa na kumbukumbu ya baiti 128 tu. Kwa hesabu ya herufi, sentensi mbili tatu za makala haya zingeijaza pomoni. Supercharger iliongeza kilobaiti 6, lakini uzuri wake hasa ulikuwa kwenye waya. Waya ule uliingia kwenye redio kaseti ya kawaida ya nyumbani, na gemu ikasomwa kutoka kwenye kanda, kanda za aina ileile wanayorekodia watu muziki. Kanda ilikuwa rahisi kuliko katriji yenye chipu ndani. Kwa hiyo akili ya kuiunganisha mashine ya gemu na kitu cha bei poa kilichozagaa madukani haikuzaliwa kwetu, wala haikuzaliwa jana.

Miaka minne baadaye, 1986, Nintendo ya Japani ikatoa kifaa cha diski kwa ajili ya mashine yao ya Famicom. Mtoto akichoka na gemu yake alipeleka diski dukani, akalipa yeni 500, mtambo uliosimama pale ukafuta ya zamani na kuandika mpya. Huduma hiyo ilidumu hadi 2003. Niliposoma habari hizi nilicheka peke yangu. Huyo si fundi wetu wa Makoroboi mtupu? Tofauti ni kwamba yule wa Japani alikuwa na ruhusa.

Hayo yote yalipita mbali na sisi. Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta mwaka 1974, na Tanzania Bara haikuwa na kituo cha televisheni hadi 1994. Kanda tulikuwa nazo tele, ila zilibeba dansi na taarabu. Kwa hiyo watoto wa Butimba wa umri wangu hatukupita kwenye kanda wala diski za Nintendo. Tulizinduka tukaikuta PlayStation 2.

Mashine hiyo ilitoka Japani Machi 2000. Gemu ilikaa kwenye DVD ya gigabaiti 4.7, na alama za mchezaji kwenye kadi ya memori ya megabaiti 8, ambayo leo picha mbili tatu za simu zinaijaza. Banda letu lilikuwa na kadi moja. Anko, mwenye banda, aliiweka mfuko wa shati na kuitoa kwa nyongeza ya hela. Kuna jamaa mmoja alikuwa akisukuma San Andreas kwa pesa ya kubeba magunia, kidogo kidogo, wiki ya tatu hiyo. Ilikuwa 2011, mwaka wa mgao wa umeme. Umeme ukakatika kadi ikiwa katikati ya kuandika. Uliporudi, kadi ilisema haina kitu. Jamaa alikaa pale akiangalia kioo, akatoka bila kudai chenji yake.

Hata hivyo adui mkubwa wa Anko alikuwa mkwaruzo. Diski zilipita mikononi mwa watoto wenye vidole vya mafuta ya maandazi, vumbi likamaliza kazi. Tulizisugua kwa dawa ya mswaki, tukazipuliza, tukazigeuza mashine kichwa chini, maana jicho lake la kusomea lilikuwa limechoka. Kila diski iliyokufa ilikuwa hasara, na banda lile ndilo lililolipa ada za wanawe.

Sony wenyewe walikuwa na jibu, wakalitupa. Mwaka 2004 waliuza Marekani hadi diski kuu ya gigabaiti 40 ya kuchomeka nyuma ya PlayStation 2, na mwaka huohuo wakatoa mashine nyembamba isiyo na nafasi ya kuiweka. Lakini matundu mawili ya USB yalibaki pale mbele. Mwishoni mwa miaka ya 2000 wapenzi wa mashine hii, watu wasioajiriwa na Sony, wakatengeneza Free McBoot, programu inayoandikwa kwenye ileile kadi ya megabaiti 8. Ukiwasha, mashine inaisoma kwanza, halafu programu nyingine, Open PS2 Loader, inafungua gemu iliyomo kwenye flashi. Jicho halina kazi tena. Baadhi ya mashine za mwisho mwisho ziligoma, nyingine zote zikakubali.

Mambo hayakuwa laini. DVD ya mashine ile husoma megabaiti 5 hivi kwa sekunde, ilhali USB yake, toleo la zamani la 1.1, hata ijitahidi vipi haifikishi 2. Ndiyo maana filamu za ndani ya gemu zilikuwa na kigugumizi. Mfumo wa flashi haukubali faili la kufika gigabaiti 4, hivyo gemu kubwa ilikatwa vipande. Tena vipande hivyo vilitakiwa kulala mfululizo, bila kuchanganyika na mafaili mengine, la sivyo mashine inakataa. Njia ya mkato ya mafundi ilikuwa moja: fomati kwanza.

Hapo ndipo yanaponihusu. Mwaka 2015 nilikuwa na flashi ya gigabaiti 8, na ndani yake riwaya yangu ya kwanza, sura kumi na moja za mvuvi wa Ukerewe. Sura nne zilikuwa pia kwenye daftari. Saba nilizitunga moja kwa moja kwenye kompyuta ya kukodi. Anko akaniomba flashi, malipo yake wiki nzima ya gemu bure. Nikahesabu: riwaya haifiki hata megabaiti moja, nafasi ipo. Nikampa. Hakuna aliyeniuliza kuna nini ndani, na mimi sikusema.

Gemu zenyewe, tuseme ukweli, hazikulipiwa. Mimi ninayetaka kuishi kwa kalamu siwezi kulifumbia macho hilo. Iko siku mtu atakitoa kopi kitabu changu, atajitetea kama tulivyojitetea sisi, kwamba halali yake mtaani haionekani. Sijui nitamjibu nini.

Wenye mashine nao walisogea polepole. Aprili 2010 Microsoft waliruhusu flashi ya kawaida kwenye Xbox 360, mwisho gigabaiti 16, na Sony wakaruhusu diski ya nje kwenye PlayStation 4 mwaka 2017. Kwenye PlayStation 5 gemu zake unaweza kuzihifadhi kwenye diski ya USB, ila kuzicheza kutoka humo hairuhusiwi.

Wiki ile nilicheza kila siku, kigugumizi na yote. Sura saba nimeziandika upya mara mbili tangu hapo, na kila mara mvuvi wangu anazama mahali tofauti.