Hela za Tabora: Kosa la Muhuri na Jeraha la Matumizi

Neno hela, ambalo kila Mswahili hulitaja bila kuwaza asili yake, limetokana na Heller, jina la sarafu ndogo iliyoletwa Afrika ya Mashariki na Wajerumani walipoigawanya rupia katika sehemu mia mwaka 1904. Kabla ya hapo rupia ilikuwa na pesa 64. Hela za kwanza zilipigwa Ujerumani kwa mitambo mikubwa, nazo hubeba herufi A zikiwa za Berlin na J zikiwa za Hamburg. Lakini ziko hela za mwaka 1916 zenye herufi T, na T hiyo ni ya Tabora.

Vita vilipoanza mwaka 1914, manowari za Waingereza zilifunga bahari, ikawa shida kupata fedha kutoka Ulaya. Askari walidai mshahara, wapagazi walidai posho, na wenye kuuza nafaka walidai malipo. Noti za muda zilichapwa, lakini hazikupendwa na watu waliozoea kusikia fedha ikilia mkononi. Basi mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora ikageuzwa kiwanda cha fedha. Humo zilipigwa hela 5 na hela 20, pamoja na sarafu ya rupia 15 yenye sura ya tembo na mlima nyuma yake, kwa dhahabu ya mgodi wa Sekenke. Hela zilitolewa katika maganda ya mizinga na mabaki mengine ya shaba, na ndiyo sababu hela 20 nyingine ni za manjano na nyingine ni nyekundu. Kazi ilidumu miezi michache tu, maana Wabelgiji waliingia Tabora mwezi wa Septemba mwaka ule ule.

Mtu akiweka hela 20 kadha wa kadha mezani huona tofauti mara moja. Taji la moja ni kubwa, la nyingine dogo. Ncha za herufi L hapa zimechongoka, pale zimepinda. Hayo si makosa. Ni alama za mihuri mbalimbali, na muhuri uliochongwa kwa mkono haufanani na mwenzake. Zaidi ya hayo zipo sarafu zenye nyufa, zenye sura iliyofifia, zenye maandishi yaliyokwenda upande, na zenye mikwaruzo na mabonyeo. Ni rahisi kuyakusanya yote pamoja na kusema kwamba mafundi wa Tabora hawakuijua kazi yao. Hukumu hiyo ni ya haraka mno. Nyingi za sarafu hizo zilipata majeraha baada ya kutoka mikononi mwao, na hapana haki kumtoza fundi deni la miaka mia iliyofuata.

Njia ya kutenganisha mambo haya hutokana na jinsi sarafu inavyozaliwa. Kipande kitupu cha madini huwekwa kati ya mihuri miwili ya chuma, kisha hugandamizwa kwa nguvu, na madini hutiririka na kujaza kila shimo la muhuri. Kwa hiyo muhuri ukipasuka, madini huingia katika ufa, na juu ya sarafu hutokea mstari ulioinuka. Mkwaruzo wa msumari au jiwe hufanya kinyume chake: huchimba mfereji, na kando ya mfereji madini yaliyosukumwa husimama kama tuta. Kidole chaweza kudanganywa, lakini kioo cha kukuzia na mwanga wa ubavuni huonyesha wazi kama mstari umepanda au umeshuka. Tena ufa wa muhuri hurudi mahali pale pale katika kila sarafu iliyopigwa kwa muhuri ule baada ya kupasuka. Jeraha la njiani halina pacha.

Ukingo uliopungua nao una hadithi mbili. Kipande kikikatwa vibaya kabla ya kupigwa, madini hukimbilia upande uliopungua, na herufi zilizo karibu hunyong'onyea na kufifia. Mkasi uliokuja baadaye hukata herufi iliyokwisha kukamilika, nayo huachwa nusu, kali, kama mti uliokatwa kwa shoka.

Maandishi yanayoonekana mara mbili yamewapoteza wengi. Mfano ulio maarufu ni senti ya Marekani ya mwaka 1955 iliyopigwa Philadelphia, ambayo muhuri wake ulichapwa mara mbili wakati wa kutengenezwa, nao ukagawanyika kidogo. Katika senti hiyo kila herufi ina mwenzake aliyejaa na kuviringana sawasawa. Lakini muhuri ukicheza tu wakati wa kupiga, husukuma ubavu wa herufi na kuacha kidato bapa, chini kuliko herufi yenyewe. Jambo hilo la pili ni la kawaida, wala halina thamani ya pekee, ijapokuwa wauzaji wasio waaminifu huliuza kwa jina la lile la kwanza.

Lakini kwa sarafu za nchi hizi, tundu ndilo huleta ubishi mkubwa. Hela 5 za shaba za mwaka 1908 na 1909 zilikuwa kubwa, nazo hazina tundu. Za mwaka 1913 na 1914 ni ndogo, nyeupe, na zina tundu la kiwandani. Hela 5 ya Tabora tena haina. Asiyejua mfuatano huo aweza kuiona hela ya Tabora iliyotobolewa akaidhani mfano wa kawaida, au akaiona isiyo na tundu akaidhani kosa la ajabu. Tundu la kiwandani huzungukwa na ukingo ulioinuka, na maandishi yamepangwa ili yaliepuke. Tundu la fundi wa mtaani hupita katikati ya taji bila kuomba radhi, na upande mmoja hubaki kingo kali zilizosukumwa nje.

Tundu hilo la pili lisidharauliwe. Mwaka 1920 rupia iliondolewa ikaja florini, na baada yake shilingi. Hela iliyokuwa haiwezi kununua kitu tena iliweza kuvaliwa shingoni. Hata sarafu za tembo hazikusalimika: nyingi zilifanywa vipuli na bizimu, na kwenye ukingo wake, kwa kawaida karibu na sehemu ya juu, huonekana doa dogo la risasi ya kuungia ambalo kusugua kwingi hakukuliondoa.