Skrini Mbili Zina Historia, na Mimi Nililipia Kutoijua

Wasee, kabla mniulize kwa nini meza yangu hapa Bondo ina monita mbili, niwaambie kwanza kilichonifanya nifuatilie historia yake.

Niliitwa matanga fulani nirushe ibada laivu kwa watu wa familia walio ng'ambo. Kompyuta ilikuwa mezani kwangu, skrini kubwa ndani ya hema. Katikati ya nyimbo, binti ya marehemu akanitumia meseji kutoka majuu: nimchunguzie kama anko wake amekula pesa za jeneza. Nikaifungua. Hema lote likaisoma, na anko mwenyewe alikuwa kiti cha mbele.

Kosa lilikuwa langu. Niliacha skrini zote mbili zionyeshe kitu kimoja, badala ya ile ya pili kuwa mwendelezo wa ya kwanza.

Wengi hudhani skrini mbili ni mambo ya juzi, ya watu wa gemu. Zii. Macintosh II ya Apple ilikubali monita zaidi ya moja mwaka 1987, mwaka uleule IBM ilileta VGA, ile plagi ya pini 15 inayotusumbua hadi leo. Upande wa Windows, watu walingoja mpaka Windows 98, iliyokubali hadi monita 9. Lakini nani alikuwa na nafasi? Monita za enzi hizo zilikuwa na kisogo kama televisheni ya guka. Mbili tu zimemaliza meza. Skrini bapa ndizo zilifungua njia. Ofisi zikinunua mpya, za zamani hutushukia sisi.

Halafu ikaja 2009. Kebo za baharini za SEACOM na TEAMS zilifika Mombasa, Bondo ikapata chuo kikuu kishiriki, ambacho leo ni JOOUST, na Windows 7 ikaleta njia ya mkato: kitufe cha Windows pamoja na P, unachagua skrini ya pili ifanye nini. Vitufe viwili vingeniokoa siku ile.

Maoni yangu ni haya: tunafundishwa kuwasha kompyuta, hatuambiwi kwamba haioni meza yetu. Yenyewe huhesabu kutoka kona ya juu kushoto ya skrini kuu, hapo ni sifuri. Skrini iliyo kushoto hupata namba hasi. Ukiiweka kushoto mezani na kompyuta inaamini iko kulia, mausi itagonga ukuta. Fungua mipangilio, buruta vile viboksi vifanane na meza yako.

Anko alitoa risiti. Pesa ilikuwa sawa, hadi shilingi ya mwisho. Nilimwomba msamaha, na malipo yangu sikuyadai. Sasa kabla ya shughuli yoyote najiuliza swali moja: nani anaona nini?