Historia ya Beetle Iko Kwa Mlango, Si Kwa Rangi

Wasee, mkinionyesha Beetle ya zamani iliyofufuliwa, mimi siangalii rangi kwanza. Naangalia ule mwanya mwembamba kati ya mlango na bodi. Ukiwa sawa kutoka juu hadi chini, najua fundi alielewa gari. Ukiwa mpana juu na umebanana chini, kuna kitu kimefichwa.

Hii gari ilichorwa Ujerumani miaka ya 1930 na Ferdinand Porsche. Vita vilipoisha 1945, kiwanda cha Wolfsburg kilikuwa chini ya Waingereza, na meja mmoja anaitwa Ivan Hirst ndiye alikifufua. Ya mwisho ilitoka Mexico 2003, wakati huo zikiwa zimeundwa zaidi ya milioni 21. Muda huo wote mpango ulibaki uleule: bodi inafungwa kwa bolti juu ya sakafu ya chuma, na madigadi zote nne ni za bolti. Ukigonga moja, unafungua, unaweka ingine.

Bodi yenyewe ilisifika kwa kubana. Uliza wazee waliokuwa nayo: ilibidi ufungue dirisha kidogo ndio mlango ufunge vizuri, juu hewa ilikosa pa kutokea. Na hapa kwetu kubana si urembo. Safari Rally ilianza 1953 kama Coronation Safari, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika, vumbi na matope mwanzo mwisho. 1962 Tommy Fjastad aliishinda na Volkswagen.

Sasa, shida iko wapi? Chini ya kila mlango kuna mfereji wa chuma unaopeleka joto kutoka injini ya nyuma hadi mbele. Mifereji hiyo miwili ndiyo pia inashikilia bodi. Kutu ikiila, bodi inalegea katikati na milango inalala. Fundi mwenye haraka anacheza na bawaba, anajaza puti, anapiga rangi. Inang'aa, unapiga picha. Baadaye puti inapasuka na mlango unaanza kugoma tena.

Fundi wa ukweli huanza chini. Anachomelea vyuma vya kushikilia nafasi ya mlango kabla hajakata chochote, bodi isije ikajikunja. Anaweka mifereji mipya, halafu anatundika mlango na kuupima kabla ya kuchomelea kabisa. Mlango anaulinganisha na upande wa nyuma kwanza, kwa sababu huko hakusongi. Madigadi na boneti zinafuata mlango, juu hizo mashimo yake yanaruhusu kusogezwa kidogo. Rangi ni ya mwisho.

Kazi hiyo inakula wiki, na kwa picha haionekani. Ndiyo maana naona tunaipoteza. Tunalipa mng'ao, kwa hivyo vijana gereji wanajifunza puti, na wazee wanaojua kunyoosha chuma wanastaafu na ujuzi wao. Tukiendelea hivi tutabaki na magari yanayofanana na historia tu.

Kwa hivyo kabla utoe doo, beba sumaku ndogo, ifunike na kitambaa usikwaruze. Ipitishe chini ya milango. Mahali inakataa kushika, hapo si chuma ni puti. Halafu fungua mlango, uachilie, uone kama unashuka.